Gogo la Chini

Watu wa Mukuru kwa Reuben, upande ule unaopakana na reli, wakitaka kumwelekeza mtu kwa Mutheu walimwambia afuate harufu ya oili chafu. Harufu ilipokoma palikuwa na nyumba nyeusi ya magogo, moja tu katikati ya mabati, na mlangoni mwake alikuwapo mwanamke wa miaka arobaini na saba, mpana wa mabega, asiye na meno mawili ya mbele. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Lakini ungempa nyundo na ukuta wa mti, angekuambia ukuta unaumwa nini, umeanza kuumwa lini, na ni nani aliyeutia ugonjwa. Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Nyumba aliijenga baba yake, Mzee Kisilu, aliyekuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli. Katika miaka ile mataruma ya mti, yale yanayolala chini ya reli, yaling'olewa kwenye njia za kando na mahali pake pakawekwa ya chuma. Yale ya zamani yalitupwa majanini, magogo mazito yaliyochanwa pande nne, yaliyokwisha kukanyagwa na treni miaka hamsini na bado yakakataa kupasuka. Msimamizi alimruhusu ayachukue. Mzee akayakokota moja moja kwa kamba begani mpaka bega likachubuka na kuota sugu. Akayalaza moja juu ya jingine, akachonga mapengo kwenye pembe ili magogo ya ukuta huu yaumane na ya ukuta ule kama meno ya mbwa wawili wanaopigana. Hakutia msumari pembeni hata mmoja. Chini kabisa, upande wa reli, alilaza gogo refu kuliko yote, lililotoka pale njia za treni zinapogawanyika. Hilo ndilo lililobeba ukuta mzima na nusu ya paa.

Mzee Kisilu alikuwa fundi, na alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Mutheu alipokuwa na miaka tisa alisokota katani vibaya ya kuziba mwanya kati ya magogo, na baba yake akamvunja kidole kwa mpini wa nyundo. Kilipopona, kikiwa kimepinda, alirudishwa kazini. Kila mwezi ulipoandama, baba na binti waliizunguka nyumba wakigonga kila gogo kwa mgongo wa tezo. Gogo zima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Gogo lililoanza kuoza hutoa sauti ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Mutheu aliijua sauti hiyo ya pili kabla hajafundishwa.

Kila mwaka kabla ya mvua za masika alipaka magogo oili chafu iliyotolewa kwenye injini za malori, ili mchwa wasile. Kuuzunguka msingi alifukua mfereji wa maji ya mvua, na kila siku alihakikisha udongo haujapanda ukagusa mti. Juu ya fremu ya mlango baba yake aliacha mwanya wa vidole vinne, akaujaza katani tu. Watoto wa jirani walipouliza kwa nini mlango haukufika juu, Mutheu alijibu kama alivyojibiwa yeye: "Ukuta wa magogo hushuka kila mwaka kidogo. Usipouachia nafasi, utaukalia mlango na kuuvunja shingo."

Mdogo wake, Muasya, hakugonga gogo hata moja. Yeye alipelekwa shule. Mutheu alipouliza zamu yake itafika lini, mzee alimtazama mikono akasema, "Mwenye mikono kama hiyo kalamu ya nini?" Basi Muasya akasoma, akawa dereva wa lori la safari ndefu, na Mutheu akaolewa.

Aliolewa Makongeni na karani wa ghala, mtu wa shati jeupe na maneno laini mbele za watu. Alimpiga miaka saba. Mimba mbili zilitoka kwa mateke. Siku aliyomng'oa meno, Mutheu aliokota pasi ya makaa iliyokuwa imewaka, akampiga nayo shavuni, akasikia nyama ikilia, kisha akatoka na kanga moja akatembea kwa miguu mpaka kwao. Alifika akitema damu. Mzee Kisilu alikuwa juu ya ngazi akipaka ukuta. Alishuka, akamkabidhi brashi, akasema, "Upande wa reli haujapakwa." Katika maisha ya Mutheu hakuna mtu aliyemwonea huruma kubwa kuliko hiyo.

Akakaa. Akaitunza nyumba na mzee miaka kumi na sita, mpaka mzee akafa.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao Kitui, na shangazi yao Mbeti, dada wa marehemu, ndiye aliyesema neno la mwisho, kwa kuwa wanaume walikuwa wamegombana mpaka wakachoka. Muasya alitaka kiwanja kwa sababu yeye ndiye mwana wa kiume. Mutheu alitaka nyumba kwa sababu yeye ndiye aliyeiweka hai. Shangazi Mbeti akakata shauri: "Nyumba ile ikiwa imesimama, Mutheu asitolewe. Siku itakapoanguka, kiwanja ni cha Muasya, na Mutheu atarudi huku kulima." Wazee wakaitikia. Muasya akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na Mutheu, aliyekuwa amekaa chini karibu na mlango, alimwona akitabasamu.

Wiki tatu baadaye Muasya alihamia chumba cha mbele. Mwezi wa pili alikuja na mifuko ya saruji, wavu wa kuku, na fundi mwashi kutoka Eastleigh aliyeitwa Nuh.

"Ni nini hii?" Mutheu aliuliza.

"Ni maendeleo, dada. Madereva wenzangu wananicheka. Wanasema nalala kwenye kibanda cha kuku cha mkoloni. Tutapiga wavu juu ya magogo, tupake plasta, tuchore mistari. Mtu akipita atadhani ni nyumba ya mawe."

"Mti unapumua, Muasya. Ukiufunga kwa saruji, maji yataingia yakose pa kutokea. Utaoza ukiwa umesimama."

"Sikia huyu! Injinia wa Mukuru!"

Nuh alikuwa mtu mzima, ndevu zimechanganyika mvi. Aliweka ndoo chini akakohoa. "Bwana Muasya, dada yako hajakosea. Mti na saruji ni mke na mke mwenza. Hawalali kitanda kimoja."

"Nimekuita upake au uniozeshe?"

"Mimi fundi tu. Panapopakwa, napaka."

Mutheu alisimama mbele ya ukuta, mikono ameitanua. Muasya alichukua ubao wa kulainishia plasta akampiga nao upande wa uso, mara moja, kwa ubapa. Mutheu alianguka juu ya mchanga uliochekechwa. Alipoinuka, Muasya alimpiga tena kwenye mbavu, mara hii kwa ubavu wa ubao, na kitu ndani kikalia kama kijiti. Majirani walitazama wakiwa na vikombe vya uji mkononi. Ugomvi wa ndugu, walisema. Nuh aligeukia ndoo yake akakoroga, akakoroga, ingawa saruji ilikuwa imekwisha kukorogeka.

Kwa siku tano walipigilia wavu kwa misumari ya inchi nne, na kila msumari Mutheu aliusikia mbavuni akiwa amelala ndani. Walipaka nyumba yote ikawa ya kijivu. Mwanya wa juu ya mlango nao waliujaza saruji. Wapita njia walisifu. Nyumba ya Mzee Kisilu imekuwa nyumba ya watu sasa, walisema.

Mwaka ulipokwisha mlango ulianza kukwaruza. Mwaka wa pili ukakataa kabisa kufungika, na Muasya akaupiga teke mpaka bawaba ikang'oka. Vyumba vilinuka uyoga. Mwezi wa nne, mvua ilipoanza, kumbikumbi walitoka kwenye ufa karibu na sakafu wakajaa chumbani kama moshi, na Mutheu akajua wamezaliwa wapi. Aligonga ukuta kwa tezo, lakini saruji ilimjibu sauti ile ile kila mahali. Saruji haikiri kitu.

Basi asubuhi moja, Muasya akiwa Mombasa na lori, alichukua nyundo kubwa akaipiga plasta upande wa reli, chini kabisa. Alipiga kama anavyopigwa mtu. Kipande kilipoanguka, maji meusi yalichuruzika. Akaingiza mkono kwenye gogo refu la chini, na mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko cha mkono, laini, moto kidogo, kama tumbo la mnyama aliyechinjwa sasa hivi. Mchwa walimpanda wakamng'ata. Hakuutoa mkono haraka. Alitaka kujua uozo umefika wapi.

Muasya aliporudi akaliona tundu, alimkamata nywele akampeleka mpaka pale akamsukuma uso ndani ya uozo.

"Umevunja nyumba yangu!"

"Umeiua wewe!" alijibu, mdomo umejaa unga wa mti. Akamgeukia akamuuma mkono mpaka damu ikatoka. Muasya alivua mkanda. Alimpiga mpaka akachoka yeye, kisha akakaa juu ya ndoo akihema, akatazama lile tundu kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika. Akaanza kucheka polepole.

"Kumbe imeoza," alisema. "Kumbe haifiki mwisho wa mvua. Dada, anza kufunga mizigo. Jumamosi ya wiki ijayo naleta vijana. Tutaisukuma kidogo tu, ianguke. Nitajenga vyumba vya mabati kumi na vinane vya kupangisha."

"Shangazi alisema ikianguka. Hakusema ikiangushwa."

"Nani atakayeona tofauti? Wewe? Utamwandikia barua?"

Akaondoka kesho yake kwenda Mombasa na shehena, na Mutheu akabaki na siku zake za kuhesabu vidoleni, kimoja kimepinda. Usiku ule hakulala wala hakulia. Alifikiri jambo moja. Je, ndugu yake alipopaka saruji hakujua, au alijua? Nuh alimwambia. Yeye mwenyewe alimwambia. Na kule Kitui alitabasamu. Alfajiri Mutheu alikuwa amekwisha kutoa hukumu moyoni kwamba alijua, na hukumu hiyo hakuibadilisha tena.

Nyuma ya nyumba, juu ya mawe matatu, chini ya mabati mazee, palikuwa na taruma moja refu. Mzee aliliacha la akiba, na kila mwaka Mutheu alilipaka oili pamoja na mengine. Gogo lilikuwapo. Kilichokosekana ni kuinua nyumba.

Alikwenda barabarani kwa Akech, mwanamke wa kuziba pancha za malori, mwenye mikono myeusi na kicheko cha kuvunja vyombo.

"Akech, nipe jeki mbili za lori."

"Nyar Kamba, binti wa Ukambani, lori umelitoa wapi?"

"Nataka kuinua nyumba."

Akech alimtazama jicho lililovimba, akatazama alama za mkanda shingoni. "Nyumba ndiyo unataka kuinua, ama ni mtu unataka kumshushia?"

"Nyumba."

"Basi nakuja mwenyewe. Jeki zangu siziachi na mtu mwenye uso kama huo."

Kazi ilichukua siku nne. Walibandua plasta ya chini urefu wa goti, ukuta wote wa upande wa reli, lakini ya juu waliiacha kwa sababu muda haukutosha. Walichimba mashimo mawili, wakaweka vipande vya chuma, na juu yake jeki, kila moja karibu na pembe, zikishika gogo la pili kutoka chini. Wakapandisha. Pampu mbili huku, pampu mbili kule, wasikilize, tena. Nyumba ililia usiku na mchana kama mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Ilipoachia gogo la chini kwa upana wa kidole, Mutheu alilikata kwa msumeno vipande vitatu, akavitoa kwa mtaimbo. Vilitoka vinavuja, vyeupe kwa mayai ya mchwa. Akech akatapika, akafuta mdomo, akacheka.

"Na watu wanasema nyumba ya mawe!"

Jumamosi, saa nne asubuhi, ukuta wa upande wa reli ulikuwa umesimama juu ya jeki mbili, chini yake pengo tupu la unene wa gogo na kidole kimoja. Gogo jipya lilikuwa limefikishwa juu ya mabomba ya kuviringishia, hatua tano tu kutoka mahali pake. Hapo ndipo Muasya alipotokea na vijana wanne wenye mitaimbo. Alikuwa amewachukua kwenye malango ya viwanda, watu wanaongojea kazi yoyote ya siku. Aliyewaongoza aliitwa Sylvance, mrefu, mwenye kofia ya plastiki ya ujenzi iliyopasuka.

Muasya aliitazama nyumba iliyoning'inia akapiga makofi.

"Lo! Dada amenisaidia kazi! Mnaona? Hata hatuigusi. Toeni tu hizo jeki."

Sylvance alichuchumaa, akachungulia chini, akasimama. "Boss, hapo mimi siingii."

"Nimekupa kazi."

"Umenipa kazi ya kubomoa. Hiyo ni ya kufa. Hata hao wenzangu, waulize." Wenzake walikuwa wamekwisha kurudi nyuma hatua tatu.

"Waoga nyinyi! Hii plasta ina wavu. Inashika kama ukuta wa jela. Ikianguka itaangukia ndani."

"Haitaangukia ndani," Mutheu alisema. Alikuwa amesimama mbele ya jeki ya karibu, tezo la baba yake mkononi. "Hujui ilivyoshonwa. Hujawahi hata kuigonga. Rudi nyuma, Muasya."

"Ondoka, mwanamke uliyerudishwa."

"Rudi nyuma."

Alimjia na mtaimbo. Pigo la kwanza lilimpata Mutheu begani, na mkono wa kushoto ukafa ukaning'inia. Alirusha tezo kwa mkono wa kulia likamchana Muasya kuanzia kiwiko mpaka kiganja, nyama ikafunguka, nyeupe kwanza, kisha nyekundu. Mtaimbo ukaanguka. Akech alirusha spana ya magurudumu ikampata mgongoni. Muasya alinguruma kama ng'ombe, akamkumba dada yake kwa kifua, akamwangusha juu ya mabomba, akamkanyaga tumbo, mahali pale pale mume alipozoea kukanyaga. Kisha, akiwa ameshika mkono wake uliochanika, aligeuka akaipiga jeki teke kwa nguvu zake zote, mguu ukapita mpaka chini ya ukuta.

Jeki iliruka. Nyumba ikashuka.

Haikuangukia ndani wala nje. Pembe za Mzee Kisilu ziliumana, magogo yakashikana meno kwa meno, na ukuta ukateremka wima upande mmoja kama shoka. Kilichoanguka ni saruji. Ile plasta yote ya juu, pamoja na wavu wake na misumari yake ya inchi nne, ilibanduka kwa kipande kimoja, ikainama nje polepole, ikamfunika Muasya. Vumbi lilipanda. Kutoka ndani ya vumbi ilitoka sauti ambayo vijana wale wanne hawakuwahi kuisikia kwa mtu.

Walipoondoa vipande walimkuta amelala kifudifudi, misumari imemchoma mgongoni mahali pengi, na mguu wa kulia, chini ya goti, umo chini ya gogo la pili. Ukuta ulikuwa umekaa juu yake. Mahali ambapo palipaswa kuwa na gogo la chini palikuwa na mguu wa Muasya.

Sylvance alivua kofia yake. "Amekwisha huyu."

"Hajaisha," Mutheu alisema. Alikuwa ameinuka. Mkono mmoja ulining'inia, damu imemtoka puani. Alizunguka pembe zote mbili akizipapasa. Jeki ya pili ilikuwa bado imeshika. Pembe zilikuwa zima. Alitazama nyumba kwanza, ndiyo, nyumba kwanza, na watu waliokuwapo walimlaumu baadaye kwa hilo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kidole kilichopinda kwa ajili ya kujua kwamba ukuta usipokaguliwa ukainuliwa, unamwua aliye chini yake.

"Dada," Muasya alilia. "Dada, niinulie. Nyumba ni yako. Nyumba ni yako, mbele ya hawa wote."

"Sikukuuliza nyumba ni ya nani."

"Dada, nakufa!"

"Nyamaza. Nataka kusikia ukuta."

Akech alirudisha jeki juu ya chuma chake. Mpini ulikuwa umepinda lakini pampu ilifanya kazi. Mutheu alimwekea Sylvance mkono wake mzima kifuani. "Wewe na huyu, shikeni mabega yake. Hao wawili, kaeni na gogo jipya, mkono juu yake. Nikisema vuta, mnavuta. Nikisema sukuma, mnasukuma. Ukuta huu haukai hewani mara mbili."

"Yaani tumvute, na hapo hapo tusukume gogo?" Sylvance aliuliza.

"Nafasi ni moja. Anatoka yeye, linaingia gogo. Akibaki, litaingia na yeye yumo."

Sylvance alimtazama machoni kuona kama ni mzaha. Hakuona mzaha. Akainama akashika mabega.

Akech alipampu. Nyumba ikalia. Muasya akalia zaidi yake. Mfupa ulipoachiwa ulitoa mlio mdogo, na damu iliyokuwa imezuiwa ikaruka ikampiga Mutheu usoni. Hakujifuta. Aliinamisha kichwa karibu na pembe akasikiliza mpaka mlio wa mti ukawa ule anaoutaka.

"Vuta!"

Walimvuta. Mguu ulikuja nyuma yake ukiburuzika kama kitu cha mtu mwingine.

"Sukuma!"

Gogo likateleza juu ya mabomba, likaingia. Mutheu alilipiga kwa nyundo kubwa kwa mkono mmoja, mara sita, mara saba, mpaka likakaa sawa. Akech aliachia jeki. Ukuta ulishuka, ukakaa, ukanyamaza.

Walimpakia Muasya kwenye mkokoteni wa kubebea maji, mguu umefungwa kwa kanga ya Mutheu, wakampeleka barabarani wakitafuta gari. Njia nzima aliwaambia watu kwamba dada yake amemwangushia nyumba. Lakini vijana wanne waliona, na Sylvance, ambaye hakuwa na sababu ya kumpenda yeyote kati yao, alisema alichoona kwa kila aliyeuliza, na hata kwa askari alipokuja: "Yeye ndiye aliyeipiga jeki teke. Mama alimwambia arudi nyuma mara mbili. Mimi nilihesabu."

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Mwezi wa saba shangazi Mbeti alikuja kutoka Kitui, amezeeka, akitembea kwa kushika kuta za watu. Alifika akakuta upande wa reli umebanduliwa wote, magogo meusi yamekaushwa na kupakwa, nyufa zimezibwa kwa udongo na katani. Mutheu alimpa maji ya kunawa, akampakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage.

"Mwanangu," shangazi alisema, sahani magotini, hajaigusa, "nimetoka hospitali kumwona ndugu yako. Wanamruhusu wiki ijayo. Hana pa kwenda. Hawezi tena kuendesha lori."

"Pole yake."

"Mpe chumba cha mbele. Nyumba imesimama, hakuna anayekunyang'anya. Mimi mwenyewe nitawaambia wazee. Mpe chumba tu, akae. Ni damu yako."

"Damu yangu aliikanyaga tumboni, shangazi. Watu waliiona ikinitoka puani."

"Amelipa. Mguu mzima, Mutheu. Hujaona umelipwa?"

Mutheu alifikiri. Kwa kweli alifikiri, maana shangazi alikuwa ametoka mbali na alikuwa mtu wa haki. Alitafuta huruma ndani yake kama mtu anayetafuta sindano gizani, polepole, kila pembe. Akakuta mbavu iliyoungana vibaya, akakuta mimba mbili, akakuta uso wake ukisukumwa ndani ya uozo, akakuta sauti ya Nuh akikoroga saruji ili asisikie. Huruma hakuikuta. Hakuona haya kwa hilo. Hata yeye ilimshangaza kidogo kwamba hakuona haya.

"Mimi sikumdai mguu," alisema. "Angebaki nao. Lakini humu hataingia. Akija kwa magongo nitamsukuma kwa magongo yake. Wewe ulinipa neno mbele ya ukoo, na neno hilo nimelibeba kwa bega hili lisiloinuka tena. Usije sasa ukaniomba nilibomoe mwenyewe."

"Utazeeka peke yako ndani ya magogo haya."

"Nimezeeka tayari."

Shangazi aliweka sahani chini bila kuonja. Aliinuka kwa shida, akakataa kushikwa mkono, akatoka. Pale nje alisimama muda, akiutazama ukuta alioujenga kaka yake, na midomo yake ilicheza kama anayesali au anayelaani. Mutheu hakusikia ni ipi. Kisha akaenda zake akipapasa mabati ya majirani.

Mutheu alikula muthokoi wake. Halafu akavuta sahani ya shangazi akala na ile, yote, mpaka chini. Bado kuta tatu zilikuwa na saruji, na kazi ile haifanywi na mtu mwenye njaa.